Mashine Iliyofunikwa Kitenge

Habari za asubuhi. Nawashukuru walioniweka kabla ya chai. Baada ya ubwabwa ningekuwa nahutubia waliolala.

Nianze na kona ya chumba. Hospitali niliyoanzia kazi, sitaitaja, ilipata mashine ya kuzoeza mkono uliopooza kwa kiharusi. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Haikupita miezi mingi, mashine imefunikwa kitenge na juu yake tumerundika mafaili. Wakubwa wakasema sisi watu wa fiziotherapia, tunaotibu kwa mazoezi ya viungo, tunaogopa teknolojia.

Tuliogopa? Hebu tuhesabu. Kumfunga mgonjwa kwenye ile mashine kulikula dakika 20, na hapo umeshaizoea. Mgonjwa mmoja tulimtengea dakika 30. Nje benchi limejaa, na kuna mama amembeba mwanawe mwenye mtindio wa ubongo tangu alfajiri, kwa daladala mbili. Wewe ungefanyaje? Mwaka 1989 Mmarekani Fred Davis alieleza kwamba mtu hupokea chombo kipya kwa kupima mambo mawili: kama kitamfaa katika kazi yake, na kama hakitamsumbua kukitumia. Wakubwa wetu walilitazama la kwanza tu, na hata hilo hawakutuuliza.

Nalo hilo la kwanza lina mjadala. Roboti ya mkono iitwayo MIT-Manus ilibuniwa Marekani, katika chuo cha MIT, kwa wazo ambalo mimi bado nalipenda: ubongo ulioumia hujifunza upya kwa marudio, mengi mno, na mkono wa mtaalamu huchoka ila wa mashine hauchoki. Waingereza wakaipima kwa wagonjwa 770 wa kiharusi. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa roboti, dakika 45, mara tatu kwa wiki, wiki 12. La pili lilipata muda uleule mikononi mwa wataalamu. La tatu likabaki na huduma ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2019: roboti haikuwapa wagonjwa uwezo zaidi wa kuutumia mkono kuliko huduma ya kawaida. Mwendo wa kiungo wenyewe uliboreka kidogo. Matumizi, hapana.

Tofauti hiyo, mwendo na matumizi, ndiyo nataka mwondoke nayo. Mzee mmoja niliyemfunga kwenye mashine yetu alitazama nukta ikikimbia kwenye skrini, akaniuliza, "Mwanangu, hii itanifungia vifungo vya shati?" Nikakosa jibu. Wiki iliyofuata alikuja na shati lake, tukaanza na kifungo cha chini.

Msinielewe vibaya. Sisemi tubaki na mpira na kamba za raba mpaka tustaafu. Kuna teknolojia tuliyoidaka bila semina wala utepe: simu. Leo namrekodi mgonjwa akitembea, yeye mwenyewe anaona goti linavyofyatuka kwenda nyuma, jambo nililokuwa nikimweleza mwezi mzima bila kueleweka. Aliye kijijini binti yake ananitumia video kwa WhatsApp. Hakuna aliyetulazimisha, kwa kuwa iliokoa muda badala ya kuula.

Michezo ya video nayo, wengi mmeniuliza. Nintendo Wii, ile unayoicheza kwa kutikisa mkono mbele ya skrini, ilijaribiwa kwa wagonjwa 141 wa kiharusi katika nchi kadhaa, Kanada na Thailand zikiwemo, ikilinganishwa na karata na bingo. Mwaka 2016 ikaripotiwa kwamba haikuzishinda. Kwa hiyo mwenye bao nyumbani asijione maskini.

Sasa nyie mtakaokaa kwenye kamati za manunuzi. Akija muuzaji, msimwombe maonyesho kwenye ukumbi wa mikutano. Mpelekeni kliniki siku ya Jumatatu, benchi likiwa limejaa, amfunge mgonjwa halisi, na mmoja wenu ashike saa. Halafu mwulizeni kipuri kikiharibika kinatoka wapi, na kwa siku ngapi.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, dada.