"Mwalimu, Huyu Mjerumani Anasema Nini?"

Wazee wangu shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Nashukuru sana kwa mwaliko huu. Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia nichague mada yoyote inayogusa filamu na lugha, nami nikamjibu palepale kwamba nitazungumzia tamthilia ya vita ya Kimarekani iliyoacha kurushwa mwaka 1967. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nina uhakika. Ninao, na nitawaeleza kwa nini.

Mimi nafundisha Kijerumani. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alibaki darasani baada ya kipindi, akafungua kompyuta yake, akanionyesha kipande cha picha nyeusi na nyeupe. Askari wa Kimarekani wamelala kifudifudi nyuma ya ukuta, upande wa pili wanapita Wajerumani wakizungumza. Chini ya picha hakuna maandishi. Hakuna sauti ya mtu anayetafsiri. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, huyu Mjerumani anasema nini?"

Nikamwambia. Yalikuwa maneno machache ya kuharakishana, maneno ambayo mwanafunzi wa muhula wa pili angeyaelewa. Lakini nilirudi nyumbani na swali langu mwenyewe. Kama waliotengeneza hawakutaka mtazamaji aelewe, kwa nini walihangaika kuwapa maadui Kijerumani cha kweli? Filamu ngapi za Kimarekani tumeziona ambazo Mjerumani anamfokea Mjerumani mwenzake kwa Kiingereza chenye kukwaruza?

Tamthilia hiyo inaitwa Combat!. Ile alama ya mshangao mwishoni mwa jina imechorwa kama singe. Ilianza kurushwa na kituo cha ABC siku ya Jumanne, tarehe 2 Oktoba 1962, ikaenda misimu 5 na visa 152. Inafuata kikosi kimoja kidogo cha askari wa miguu nchini Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia, tangu majeshi yalipotua Normandy mwezi Juni 1944. Viongozi wake wawili wanapokezana kubeba visa: Luteni Hanley, aliyeigizwa na Rick Jason, na Sajini Saunders, aliyeigizwa na Vic Morrow. Nyuma yao yuko Kirby mwenye mdomo, Littlejohn mrefu kama mnazi, tabibu wao wanayemwita Doc, na mmoja anaitwa Caje. Huyo Caje msimsahau, nitamrudia.

Aliyeibuni ni Robert Pirosh. Kabla ya vita alikuwa akiandika vichekesho Hollywood. Vita vikamchukua, akapigana Ulaya akiwa sajini wa jeshi la miguu, na aliporudi akaandika filamu kuhusu askari walionaswa na theluji huko Ubelgiji, ikampatia Oscar. Mtu wa namna hiyo anajua kwamba askari wa chini haoni ramani. Anaona mgongo wa mwenzake, anaona uzio, anaona dirisha la ghorofani ambalo huenda lina mtu. Ndiyo maana katika visa vingi vya Combat! vita vizima ni nyumba moja, daraja moja, kinu kimoja cha kusagia. Majenerali hawana nafasi humo. Waigizaji wenyewe kabla ya kuanza kazi walipelekwa kambi ya jeshi ya Fort Ord, California, wakafundishwa kutambaa, kushika silaha na kwenda doria. Mtazame Morrow anavyobeba rashasha yake, utaona ni mtu aliyeizoea hadi haikumbuki tena.

Sasa naomba turudi nyumbani kidogo. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na namna yetu ya kutazama. Mnakumbuka kibanda umiza: mabenchi ya mbao, joto, pazia mlangoni, deki na televisheni juu kabisa ili wa nyuma nao waone. Kulikuwa na steringi na kulikuwa na adui. Na juu ya wote kulikuwa na sauti: akina Lufufu kwetu Tanzania, na DJ Afro kule Kenya. Sauti ile ilitafsiri Kiingereza, Kihindi na Kichina, ikaongeza methali, ikawabatiza watu majina ya mtaani kwetu, ikamwonya steringi kabla hajageuka. Nasema kwa heshima zote kwamba wale walikuwa walimu wangu wa kwanza wa tafsiri. Mtoto alitoka mle amejua kila mtu alisema nini na kwa nini.

Kwa hiyo mazoea yangu yalikuwa kwamba maana lazima ifike. Combat! ikaninyima. Au tuseme, kwangu mimi mwenye Kijerumani ilifika, lakini wale askari kwenye kioo ilikuwa haiwafikii, na mtazamaji wa Marekani mwaka 1962 alikaa gizani pamoja nao. Anasikia sauti inapanda, hajui ni hasira au ni hofu. Anaona midomo ya vijana wawili, mmoja anacheka, na hajui wanacheka nini, ilhali mtu amewalenga bunduki. Ukimnyima mtazamaji maneno, anaanza kusoma nyuso. Na akisoma uso wa adui kwa dakika nzima, kumfurahia akifa kunakuwa kugumu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza huku kwetu. Alivuka bahari hadi Burma akiwa na askari wenzake wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, Malawi ya leo, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Hakupenda kusimulia vita. Jambo moja tu alilirudia mara kwa mara: usiku msituni Wajapani walikuwa wakipiga kelele gizani, na kwamba wao keya walizijua zile sauti, waliweza hata kuzitofautisha, ila maneno hawakuyajua hata moja. Nilipokuwa mdogo nilidhani anasimulia habari za kutisha tu. Nilipoitazama Combat! ndipo nikaelewa alichokuwa akikisema. Kumsikia mtu kila usiku, kwa karibu kiasi kile, na usijue hata kama anaita jina la mamaye.

Basi, Caje. Jina lake la utani linatokana na Cajun, watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa. Aliyemwigiza, Pierre Jalbert, alizaliwa Quebec, Kanada, na Kifaransa ni lugha aliyoinyonya. Kikosi kinapoingia kijijini, luteni ana cheo na sajini ana uzoefu, lakini anayejua kama yule bibi mlangoni anawakaribisha au anawaonya mara nyingi ni Caje. Tazameni wenzake wanavyomwangalia anapoongea na mwenyeji. Wanasubiri. Wanaume wenye silaha wanasubiri mwenzao amalize sentensi. Kila mkalimani aliyemo humu ukumbini anaijua ile subira ya watu wanaokutazama mdomoni, na uzito wake. Sijaona kazi nyingine ya televisheni ya wakati ule iliyoupa ukalimani nafasi hiyo bila hata kuutaja.

Mtaniuliza, haya yote yanahusiana vipi na diski za DVD ninazoitazamia tamthilia hii? Yanahusiana sana. Mwaka 1962 Combat! ilipita hewani usiku wa Jumanne, ikaisha. Kama Mjerumani alisema neno na wewe ulikuwa jikoni, limekwenda. Baadaye vituo vikairudia na, kama kawaida ya vituo, vikikata dakika hapa na pale kupata nafasi ya matangazo. Na huwa vinakata nini? Havikati mlipuko. Vinakata mtu anatembea, mtu anasikiliza, mtu anafikiri. Kwa tamthilia hii, hizo ndizo dakika zenyewe.

Diski zilianza kutolewa Marekani mwaka 2004, visa vyote, msimu kwa msimu. Nilizipata kupitia ndugu yangu anayeishi kule. Diski hizi hufungiwa kwa maeneo ya dunia: zangu ni za eneo namba 1, la Marekani, nasi pamoja na sehemu kubwa ya Afrika tumewekwa eneo namba 5, kwa hiyo deki yangu nzuri ilizitema. Deki ya bei nafuu niliyoinunua Kariakoo ikazisoma zote bila maswali. Tangu hapo huwa natazama rimoti ikiwa mkononi. Narudisha nyuma. Nasikiliza tena. Mara nyingi ni amri fupi tu: simama, njoo, haraka. Lakini nimejifunza kutofautisha amri ya ofisa na amri ya kijana anayejifanya ofisa kwa sababu ofisa amekufa.

Diski pia zinafichua. Ukitazama visa vitano mfululizo, utagundua kwamba mtaa wa Ufaransa ni uleule, umezungushwa tu kamera, maana walipiga picha kwenye viwanja vya MGM huko California, vyenye mitaa ya Ulaya ya kuigiza. Utaona picha halisi za vita zimepachikwa katikati, punje zake kubwa kuliko za tamthilia. Utapiga hesabu pia: kutoka Normandy hadi Ujerumani kusalimu amri ni miezi 11, lakini kikosi hiki kilipigana miaka mitano. Mimi hili halinisumbui. Linalonisumbua ni msimu wa tano, visa 25 vilivyopigwa kwa rangi. Misimu minne ya mwanzo ni nyeusi na nyeupe, na weusi ule ulifanya picha halisi na picha za kuigiza ziishi nyumba moja. Rangi ilipoingia, damu ikawa nyekundu, majani yakawa kijani, na mimi nikaanza kuiona California. Mwenye haraka aanze na msimu wa kwanza.

Kuna visa viwili ningependa kukaa navyo. Cha kwanza kilirushwa Machi 1966 katika sehemu mbili, na Morrow mwenyewe ndiye aliyekiongoza. Hanley anaamriwa kuteka kilima. Juu yake kuna ngome za zege zenye bunduki za mtombo zinazoitawala barabara. Wanapanda, wanauawa, wanarudi. Wanapanda tena. Kila mara kamera inapitia miili ileile kwenye mteremko uleule, hadi mtazamaji mwenyewe anakijua kile kilima, anajua wapi kuna kisiki na wapi hakuna pa kujificha. Hanley anakaribia kuvunjika. Mwishowe wanakiteka, kisha inakuja amri ya kuondoka, kwa sababu mambo yameharibika kwingine.

Miaka mitatu baadaye, Mei 1969, askari wa Marekani walipigana siku kumi huko Vietnam kukiteka kilima namba 937 katika bonde la A Shau. Zaidi ya 70 walikufa. Mwezi uliofuata jeshi likakiacha. Combat! haikuwahi kuitaja Vietnam, ingawa vijana wa Kimarekani walikuwa wakipelekwa huko wakati wote ilipokuwa hewani. Kwenye televisheni ya Jumanne, mwaka 1966, mtu aliweka kilima kile mbele ya macho ya wazazi wa vijana hao. Nikifika mwisho wa kisa hiki sibonyezi kitufe mara moja. Nakaa.

Cha pili ni cha msimu wa kwanza, na aliyekiongoza ni Robert Altman. Alikuwa bado hajawa mkurugenzi mashuhuri wa filamu. Alikuwa mtu aliyerusha ndege za mabomu ya Marekani katika safari hamsini na zaidi kule Pasifiki, akaongoza visa kumi vya Combat! katika msimu ule mmoja. Kisa hiki ni cha Saunders peke yake. Ametekwa, amefungwa mikono, jengo alimo linashika moto. Anatoka hai, mikono imeungua, akili imeyumba. Kuanzia hapo karibu hakuna mazungumzo. Mtu anatangatanga porini, mikono ameiinua mbele ya kifua kana kwamba si yake. Lufufu mwenyewe angekuwa na kazi ngumu hapa, maana hakuna cha kutafsiri.

Kisha anamkuta askari wa Kijerumani amekufa. Kwa akili yake iliyoyumba anamwona ni ndugu yake wa damu. Anamwita kwa jina. Anajaribu kumbeba kwa mikono ile iliyoungua.

Nimekitazama kisa hiki mara nyingi, na kila mara sikio langu la mwalimu linafanya kosa lilelile: linangoja Mjerumani ajibu. Katika visa vingine vingi Wajerumani wanaongea, Wamarekani hawaelewi. Hapa Mmarekani anaongea, kwa upole ambao hatujawahi kumsikia nao, na anayeambiwa hawezi tena kuelewa wala kutoelewa. Yule mwanafunzi wangu aliponiletea swali lake hakuwa amekiona kisa hiki. Nilimwazima diski. Aliporudisha hakuniuliza chochote kuhusu Kijerumani, aliniuliza kama yule ndugu wa Saunders kule Marekani alikuwa hai.

Nimeomba nipewe dakika kumi za mwisho tukitazame kipande hicho pamoja. Hakina maandishi chini, na mimi sitasema kitu. Tafadhali, kijana wa mitambo, zima taa za mbele.