Dola saba kwa mwezi: askari wa Boston waliokataa mshahara kwa miezi 18

Assalaam aleikum ndugu zangu, hamjambo huko nyumbani? Leo nimetoka Lowell asubuhi kwa treni, nikashuka North Station, nikapanda kilima kwa miguu mpaka hapa mtaa wa Beacon, Boston. Lile jengo lenye kuba la dhahabu ng'ambo ya barabara ndilo la serikali ya jimbo la Massachusetts. Lakini kilichonileta ni hii sanamu. Ngoja niwasogezee kamera.

Mnaziona nyuso? Huyu aliyepanda farasi ni Kanali Robert Gould Shaw, Mzungu, kijana wa miaka 25, mtoto wa watu wenye uwezo. Mimi naomba mwaangalie hawa wa chini, wanaotembea. Huyu ana ndevu, mtu mzima, bila shaka baba wa watoto. Huyu wa ngoma bado mdogo kabisa. Hakuna uso unaofanana na mwingine. Mchongaji, Augustus Saint-Gaudens, aliikalia kazi hii karibu miaka 14, ikazinduliwa 1897.

Hii ndiyo Rejimenti ya 54 ya Massachusetts, askari wa miguu wa kujitolea, watu Weusi, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wao wakiwa upande wa Kaskazini dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga yakitetea utumwa. Tarehe 28 Mei 1863 walipita papa hapa, watu wamejaa njia nzima, wakielekea bandarini kupanda meli ya South Carolina.

Mtaniuliza, sisi watu wa pwani vita hivyo vinatuhusu nini? Mnakumbuka kile kitambaa wazee wetu walichokiita merikani? Kilitoka huku. Meli za Salem zilikileta Zanzibar kutoka viwanda vya Massachusetts, na pamba yake ilichumwa na watumwa wa Kusini. Pale Lowell ninapoishi majengo ya viwanda hivyo bado yamesimama kando ya mifereji. Vita vilipoanza 1861 pamba ikakatika, na merikani ikaadimika kwetu.

Basi, Gavana John Andrew alipopata ruhusa ya kuunda kikosi hiki, Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa akatoroka, alizunguka kuwahimiza vijana wajiunge. Wanawe wawili, Lewis na Charles, walijiandikisha. Wengine walitoka majimbo mengi, hata Kanada. Waliahidiwa haki sawa na askari wengine, maana yake dola 13 kwa mwezi. Ishikeni hiyo namba.

Juni wakaamriwa kushiriki kuchoma mji wa Darien, Georgia, jambo lililomchukiza sana Shaw. Tarehe 16 Julai wakapigana kisiwa cha James. Na jioni ya tarehe 18, bila usingizi wala chakula cha maana kwa siku mbili, wakatangulia mbele ya jeshi zima kuishambulia ngome ya Wagner, karibu na Charleston.

Ndugu zangu, njia ilikuwa ukanda mwembamba wa mchanga, bahari upande huu, kinamasi upande ule, na mizinga mbele yao. Waliingia kama watu 600. Karibu 270 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Shaw alifia juu ya ukuta, na adui akamtupa shimo moja na askari wake, kwa kudhani anamdhalilisha. Baba yake alipopata habari akakataa mwili usihamishwe, abaki na watu wake. Mshika bendera alipopigwa, William Carney, aliyezaliwa mtumwa Virginia, aliinyakua, akarudi nayo akitambaa, ana majeraha mwilini, haijagusa chini. Nishani ya Heshima, ile ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Marekani, aliipata mwaka 1900. Miaka 37 baadaye!

Sasa lile lililonitoa Lowell. Siku ya mshahara ilipofika, serikali ikasema mtu Mweusi atalipwa dola 10, na 3 zikatwe za nguo. Zinabaki 7. Wakazikataa. Massachusetts ikajitolea kuwalipa ile tofauti, wakakataa pia, kwa sababu aliyewapunja ni serikali ya taifa, nayo ndiyo iwape haki yao. Koplo James Henry Gooding, aliyekuwa baharia wa New Bedford, alimwandikia Rais Lincoln Septemba 1863 akimuuliza: sisi ni askari, au ni vibarua?

Miezi 18, jamani. Wake zao na watoto wanalala njaa, na barua za nyumbani zinafika kambini zinasema hivyo. Mwaka wangu wa kwanza huku kuna mahali nilifanya kazi nikalipwa pungufu ya wenzangu, nikajua, nikanyamaza, kwa sababu karo ya mdogo wangu ilikuwa inangoja. Kwa hiyo nikisema walikataa, najua uzito wake.

Na kupigana hawakuacha. Februari 1864, huko Olustee, Florida, walikwenda vitani wakishangilia Massachusetts na dola saba kwa mwezi. Jeshi liliposhindwa, wao walibaki nyuma kulinda wanaorudi. Treni ya majeruhi ikaharibika njiani, wakaifunga kamba wakaivuta kwa mikono. Gooding alitekwa siku hiyo, akafia gereza la Andersonville Julai. Na mwezi huohuo wa Februari, Sajini William Walker wa kikosi kingine cha Weusi alipigwa risasi na jeshi lake mwenyewe, kwa kuongoza wenzake kuweka silaha chini kwa sababu ya mshahara uleule.

Juni 1864 Bunge likakubali malipo sawa, lakini malimbikizo yote tangu kuandikishwa ni kwa aliyekuwa huru kabla ya tarehe 19 Aprili 1861. Na wale waliokuwa watumwa? Kanali Edward Hallowell, aliyemrithi Shaw, akatunga kiapo: unaapa kwamba siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kukutumikisha bure. Aliyezaliwa huru na aliyetoroka utumwa, wote waliweza kuinua mkono kwa moyo safi.

Nimezunguka nyuma ya sanamu. Haya majina ya askari waliokufa Wagner yaliongezwa miaka ya 1980 tu. Mwanzo walichongwa maofisa, Wazungu.

Fedha zilifika mwishoni mwa Septemba 1864. Kuwalipa wote kulihitaji dola 170,000. Na katika hizo, zaidi ya dola 53,000 wakazituma nyumbani.