Mtoto wa Malindi ndani ya jezi ya Vasco da Gama (msinichambe kwanza, sikizeni)

Asalaam aleikum, hamjambo huko nyumbani. Mwanisikia? Kuna makelele, niko Rio, Brazil, hapa nje ya uwanja wa mpira wa São Januário, mechi bado lisaa limoja hivi.

Haya tuanze na jezi. Juzi nimepiga video na mama mdogo akaniona nayo, nyeusi, ina ule mkanda mweupe unashuka kimshazari na msalaba mwekundu kifuani hapa, ona. Akauliza timu yaitwaje. Nikamwambia Vasco da Gama, klabu ya mpira ya hapa Rio. Kanyamaza kidogo, halafu: "Si ndo mwenye ile nguzo mlokuwa mkienda kukaa mkitoroka chuo? Leo ndo umemvaa?" Wallahi sikuwa na jibu. Msalaba juu ya ile nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, msalaba kifuani kwangu. Na sisi watu wa pwani twamjua huyo baharia Mreno, alipita Mombasa 1498 hakupatana nao, Malindi tukamkaribisha tukampa na mtu wa kumuonyesha njia ya India, 1502 akarudi kumtoza Sultani wa Kilwa kwa nguvu. Sasa jibu lenyewe mama mdogo ndo hili, ni refu, kaa chini.

Klabu ilianzishwa 21 Agosti 1898 na wahamiaji wa Kireno, ilikuwa miaka mia nne ya ile safari ya India ndo maana wakaipa jina lake, na wala haikuwa ya mpira, ilikuwa ya kupiga makasia. Mpira ulikuja 1915. Mpira wa Rio enzi hizo ulikuwa wa watoto wa matajiri, Fluminense, Flamengo, Botafogo, weupe watupu karibu wote. Vasco wao wakaokota wachezaji popote, weusi, machotara, madereva, vibarua wa viwandani, kipa wao Nelson da Conceição alikuwa dereva wa teksi, mweusi kama mimi. Si wao wa kwanza kuchezesha weusi, nisiwadanganye, Bangu walishaanza kitambo. Lakini Vasco walipanda daraja la kwanza 1923 na mwaka huohuo wakabeba ubingwa wa Rio! Hapo ndo watu wakakasirika.

1924 wale wakubwa wakajitoa wakaunda ligi yao mpya, AMEA, wakawaambia Vasco karibuni lakini wachezaji 12 muwaache nyumbani. Sababu? Eti kazi zao si za heshima, eti hawajui kusoma. Rangi hawakuitaja, lakini ukiangalia hao 12 ni kina nani, mtu hahitaji tochi. Rais wa klabu, José Augusto Prestes, akaandika barua 7 Aprili 1924, hapa waiita Jibu la Kihistoria, na ndani amesema hawa ni vijana ndo kwanza waanza, na kitendo cha kuwachafulia jina hadharani hakitaungwa mkono na viongozi wa nyumba iliyowapokea. Basi hatujiungi. Wakabaki ligi ya zamani, wakaichukua bila kufungwa hata mechi moja.

Wakachekwa pia hawana uwanja wa maana. Mashabiki wakachanga, Wareno wenye maduka mpaka vibarua, na huu ukuta nnaoegemea ukafunguliwa 21 Aprili 1927. Siku ya ufunguzi wakapigwa 5-3 na Santos hehe, lakini uwanja ulikuwa mkubwa kuliko wote Amerika Kusini wakati huo. Kima cha chini cha mshahara cha Brazil kilitangazwa hapahapa 1940.

Ngoja nile kwanza... hii ni mishkaki, yaani mishkaki kabisa, ila wanaichovya kwenye unga wa muhogo uliokaangwa. Tamu, lakini pilipili hakuna.

Wachezaji sasa. Romário mwamjua, bao lake la elfu moja kwa hesabu yake mwenyewe alilifunga humu 2007, penalti. Roberto Dinamite, mabao 708 akiwa na Vasco, akaja kuwa rais wa klabu, alifariki Januari 2023. Libertadores, kombe la vilabu la Amerika Kusini, walibeba 1998, mwaka wa kutimiza karne, fainali waliwapiga Barcelona, ile ya Ecuador sio ya Hispania.

Lakini mimi wangu ni Barbosa. Kipa, mweusi, kwenye kile kikosi cha Vasco cha miaka ya arobaini kilichokuwa kikichinja kila mtu. Mechi ya mwisho ya Kombe la Dunia 1950, uwanja wa Maracanã hapa Rio, yuko golini kwa Brazil, Ghiggia wa Uruguay akapiga pembeni kwake, 2-1, nchi nzima ikamlaumu yeye, sio mabeki, sio kocha, yeye. Alisema kifungo kirefu zaidi Brazil enzi hizo ni miaka 30 na yeye ametumikia zaidi ya hapo. Alikufa 2000 bado wanamkumbusha lile bao. Hapa São Januário lakini ukitaja Barbosa mzee yeyote atakushika mkono akupe hadithi ya zile sevu zake.

Tumeshuka daraja mara nne tangu 2008, najua, msiniandikie komenti, Coutinho, mchezaji aliyekulia hapa, alirudi 2024, na roho bado zaturuka kila wikendi.

Mama mdogo, yule wa kwenye nguzo simvai. Namvaa Nelson dereva wa teksi. Haya geti lafunguliwa, askari ananiambia nizime sim—