Nicky Hopkins, mpiga piano wa studio

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nimekuja kumtetea mtu. Anaitwa Nicky Hopkins, Mwingereza, mpiga piano. Nasema kwamba katika nyimbo kadhaa tunazoziita za The Rolling Stones, bendi ya rock ya Uingereza, alifanya kazi ya mtunzi, akalipwa kama kibarua wa siku.

Alizaliwa mwaka 1944, viungani mwa London, akapata nafasi ya kusomea piano katika chuo cha Royal Academy of Music. Alipofika miaka 16 akaacha masomo, akaingia kwenye bendi. Mwaka 1963 ugonjwa wa Crohn, unaoshambulia utumbo, ukamlaza hospitalini zaidi ya mwaka mzima. Alipotoka, mwili haukuweza tena safari za kila usiku, kulala garini na kula ovyo. Studio ilimfaa: unaingia, unapiga, unarudi nyumbani. Ndivyo bendi za The Who na The Kinks, na mpiga gitaa Jeff Beck, walivyompata. The Beatles nao walimwita mwaka 1968; piano ya umeme inayochachamaa katika "Revolution" ni yake.

Lakini naomba tukae kidogo na "Sympathy for the Devil" ya The Rolling Stones, iliyorekodiwa mwaka huohuo katika studio ya Olympic, London. Wimbo ulianza polepole, wa gitaa, kisha wakaugeuza mara kadhaa mpaka ukapata mwendo wa samba. Sikilizeni kilichobaki. Keith Richards, mpiga gitaa wao, ameshika gitaa la besi. Ngoma za konga anapiga Rocky Dijon, mzaliwa wa Ghana. Gitaa la solo halisikiki mpaka wimbo umeshakwenda mbali. Sasa nani anaubeba wimbo muda wote huo? Ni Hopkins. Anaanza kwa upole, anamwachia mwimbaji, Mick Jagger, nafasi ya kusimulia, halafu kila ubeti unapopita mkono unazidi uzito, hadi piano na ngoma zinasukumana. Ukiitoa piano, unabaki na ngoma na mtu anayeongea.

Na "She's a Rainbow", yao pia, ya 1967? Ule mchezo wa piano unaofungua wimbo na kurudi kati ya beti ndio watu wanaoupiga mluzi njiani. Hata hivyo, sahani inawataja watunzi wawili tu, Jagger na Richards.

Hapa ndipo penye uchungu. Uingereza ya wakati ule, mwanamuziki wa kukodiwa alilipwa kwa kikao cha muda wa saa tatu, basi. Mrabaha, yaani malipo yanayoendelea kadiri wimbo unavyouzwa na kupigwa, ni wa mtunzi, na mtunzi alihesabiwa yule aliyeleta maneno na sauti ya kuimba. Aliyebuni pale studioni kile kilichoufanya wimbo ukumbukwe alichukua ujira wake akaondoka. Sioni haki katika mpango huo, na haujafa. Waulizeni wapiga vinanda walioko humu ukumbini.

Alijaribu kusimama mwenyewe. Albamu yake "The Tin Man Was a Dreamer" ilitoka mwaka 1973, akiimba mwenyewe, na George Harrison wa The Beatles akimpigia gitaa kwa jina la bandia, George O'Hara. Sauti yake ni nyembamba, siwafichi, na albamu haikuuza sana. Naipenda hata hivyo, kwa kuwa ndani yake piano haimsubiri mtu.

Alifariki Nashville, Marekani, mwaka 1994, akiwa na miaka 50, baada ya matatizo yaliyotokana na upasuaji wa maradhi yaleyale ya tumbo. Rock and Roll Hall of Fame, taasisi ya Marekani inayowaenzi wanamuziki wa rock, ilimpa heshima yake mwaka 2025. Miaka 31 kaburini!

Fundi mitambo, tuwekee "Jealous Guy" ya John Lennon, ya mwaka 1971. Piano hiyo ni ya Hopkins. Msiifuate sauti ya Lennon. Fuateni piano peke yake tangu mwanzo, kisha tutapokea maswali.