Hawa si dagaa, ni uono

Asalaam alaykum, na wenye salamu nyingine, habari za jioni. Wazee wangu mlioacha baraza zenu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi wangu mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, nashukuru sana kwa kufika.

Nimeombwa nieleze mwanafunzi wa uzamivu anaishije hapa Tanga, na hizi picha ninazozigawa mtandaoni zina kazi gani. La kwanza nitalipita haraka. Alfajiri naandika tasnifu kabla joto halijaingia chumbani. Saa tatu nipo juu ya baiskeli, natoka Ngamiani kwenda kuendesha semina ya mwaka wa kwanza. Mchana nasahihisha, jioni nasoma, na usiku wa manane, bando likishuka bei, napakia picha. Posho huchelewa. Msimamizi wangu yuko Dar es Salaam, na mara nyingi tunaelewana kwa simu. Ndiyo maisha, nami nayapenda. La picha ndilo lililonitoa nyumbani jioni hii.

Utafiti wangu uko Tongoni, kama kilomita 17 kusini mwa mji huu. Wengi wenu mmefika. Kuna gofu la msikiti na makaburi yapata 40 ya mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo. Kwenye baadhi ya nguzo zile mna vishimo vya mviringo. Siku ya kwanza nilipoionyesha picha ya kishimo kimoja darasani, kijana mmoja alisema ni kiota cha ndege, mwenzake akasema ni tundu la risasi. Kumbe ndimo yalimopachikwa mabakuli ya kauri yaliyoletwa kwa meli kutoka mbali, hadi China. Yameng'olewa, limebaki umbo lake kwenye chokaa. Binti aliyekaa mbele akauliza, "Mwalimu, hicho kishimo kina ukubwa gani?" Sikuwa na jibu. Nilipiga picha bila kuweka kipimo chochote pembeni, na kishimo kisicho na kipimo kinaweza kuwa cha kikombe au cha sinia. Jumamosi nikarudi Tongoni na rula.

Naomba swali la yule binti mlitunze, nitalirudia.

Kwa nini tuhangaike na picha za mawe? Januari 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka India, aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, huku kwetu karibu na Mtangata, upande huu huu wa Tongoni. Mabaharia wake walikuwa wamekwisha kwa kiseyeye, waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Tunayajua hayo kwa sababu mtu mmoja katika msafara ule aliandika alichokiona. Wenyeji waliowaona wageni wale wakiichoma meli yao walituachia makaburi. Kila mvua ya masika inakula chokaa kidogo. Picha niliyopiga mwaka jana ina ukingo wa plasta ambao mwaka huu haupo tena. Kwa hiyo nagawa picha zangu bure, kwa leseni huria, ili mwalimu wa Lindi au mtafiti wa Lamu asilazimike kuniomba ruhusa.

Sasa nieleze leseni hizi, maana watu wengi huweka alama bila kusoma. Leseni za Creative Commons zilianza kutolewa mwaka 2002. Ile ninayoitumia inasema: chukua, tumia, badilisha, hata ukiuza, ili mradi umtaje mpigaji. Ukishaitoa huwezi kuinyang'anya. Unaweza kuifuta picha pale ulipoiweka, lakini aliyekwisha kuichukua ana haki ya kuendelea nayo. Tena leseni ile inazungumzia haki ya mpigaji peke yake. Aliye ndani ya picha hakusaini chochote. Hilo la mwisho nililisoma nikalielewa kwa kichwa. Lilinifika moyoni Sahare, kule kwa wavuvi.

Nilikwenda Sahare asubuhi moja ya siku za giza la mwezi, wakati ambao wavuvi hutoka usiku na taa. Vyombo vilikuwa vimerudi vimeshiba. Akina mama walikuwa wanachemsha samaki kwa maji ya chumvi na kuwaanika. Bi mkubwa mmoja alikuwa ameinama, anachambua kwa vidole, anatoa vipande vya majani ya baharini, anatupa. Jua lilikuwa nyuma yake. Nikapiga. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba mwanangu," nami nikaichukua ile marahaba kuwa ndiyo ruhusa. Usiku nikaipakia na maelezo haya: "Mwanamke akianika dagaa, Tanga."

Miezi ikapita. Siku moja mjukuu wake, ambaye ananifahamu, akanisimamisha barabarani akanionyesha simu yake. Kampuni moja ya chakula cha kuku ilikuwa imeweka picha ile kwenye tangazo. Jina langu halikuwemo, lakini hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni uso wa bibi yule juu ya maandishi ya chakula cha kuku.

Nikaenda kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa chai ya tangawizi, ndipo akasema. La kwanza: "Mwanangu, umenipiga nikiwa na kanga ya kushinda. Ungenambia, nikavae." La pili lilimuuma zaidi. Alichota samaki kiganjani, akanisogezea. "Hawa umewaita dagaa. Hawa si dagaa, ni uono. Tazama." Akaokota mmoja, akamlaza peke yake. "Huyu ni simu, samaki wa aina nyingine, ameingia kwa bahati mbaya. Kuku wanapewa takataka, vilivyovunjika, vyenye mchanga. Mimi natengeneza chakula cha watu."

Ndugu zangu, nimefundisha miaka minne. Sijapata kusahihishwa kwa namna ile. Neno moja la uvivu, "dagaa", ndilo lililofungua mlango. Anayetafuta picha ya dagaa wa kuku aliipata yangu. Maelezo yangu hayakumwambia kwamba yule mama ni nani, anafanya nini, na samaki wale ni chakula cha nani.

Hapa narudi kwa yule binti wa mbele. Darasani nikikosea naulizwa, na kesho naingia nikasema jana niliteleza. Picha ikishatoka haina wa kuulizwa. Inafika kwa mtu ambaye hatanyoosha mkono. Yote ambayo ningeyajibu darasani lazima niyaandike pale kabla sijaiachia: kitu kinaitwaje na wenyewe wanaokishika, kina ukubwa gani, siku gani, nani aliridhia. Na kipo ambacho lazima nikiondoe. Simu nyingi huandika mahali ulipopigia ndani ya faili lenyewe. Nikipakia hivyo hivyo namwonyesha mwizi wa kauri pa kuchimba, na mtu baki nyumba ya yule bibi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, someni. Lakini hata kabla ya sheria kuna adabu ya kupiga hodi, nami siku ile sikupiga.

Nilirudi Sahare mara ya tatu na picha sita zilizochapwa. Ile ya zamani nilikuwa nimekwisha kuifuta nilipoweza. Bibi akazipanga mkekani, akamwita mjukuu, wakashauriana kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Zenye uso wake alizigeuza chini zote, hata ile aliyovaa kanga mpya. Akachagua moja ya mikono na ungo. Maelezo yake aliyatamka mwenyewe, mimi nikiandika: "Uono wa Sahare. Wamechemshwa alfajiri, wameanikwa juu ya chanja, hawana mchanga. Ni wa kuliwa."

Nimeipakia hivyo hivyo, bila kuongeza neno. Karibuni kwa maswali, tuanze na nyinyi wa mlangoni.