Daftari la Msimu: Mhadhara kwa Viongozi wa Ekipe (Timu) za Mpira za Mitaa, Lubumbashi

Wazee wetu, viongozi wa ekipe, waamuzi, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema: sitawaeleza klabu zetu kubwa, Mazembe ni nani wala Lupopo ni nani, na fainali ya dunia ya vilabu ya 2010, Mazembe ikicheza, mliiona wenyewe. Nimekuja kusema juu ya entente, yaani chama cha mpira cha hapa mjini, juu ya michezo inayochezwa kwenye vumbi la Katuba na Kenya, komuni zetu za hapa Lubumbashi, na hasa juu ya karatasi ya majina ya wachezaji ambayo mwamuzi huijaza kabla ya kupuliza filimbi, na ambayo katibu wa kila ekipe angepaswa kuinakili katika daftari la msimu. Najua mmenisikia nikiitaja mara nyingi. Mtanisikia tena, kwa sababu bado inafungiwa karanga.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alituchezea misimu minne, tangu ule aliotimiza miaka 16 hadi ule aliotimiza 19. Baadaye alichukuliwa na ekipe kubwa, kisha akauzwa nje ya nchi mkataba wake ukiwa haujaisha. Kwa kanuni za FIFA, asilimia 5 ya fedha za uhamisho wa namna hiyo hugawiwa ekipe zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23: misimu minne ya kwanza huhesabiwa robo ya asilimia kila mmoja, na inayofuata nusu ya asilimia kila mmoja. Tufanye hesabu pamoja: kama aliuzwa dola 1,000,000, sisi tulistahili dola 20,000, sisi ambao huazima mpira wa mazoezi!

Tulipotakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa wetu, tulizitafuta lisansi zake, yaani kadi zake za uchezaji. Marehemu rais wa ekipe yetu alikuwa amezitia sandukuni, sanduku likahamia Likasi pamoja na mjane wake, na tulipofika huko panya walikuwa wametutangulia. Tulibaki na picha moja, kijana amesimama katikati na jezi namba 8, isiyo na tarehe wala mhuri.

Kuna atakayesema kwamba hata tungekuwa na karatasi, fedha zingeliwa njiani. Huenda. Lakini aliyedhulumiwa akiwa na hati mkononi ana pa kulalamikia. Sisi tungelalamikia panya. Mwingine ataniuliza katibu wa kuandika daftari hilo atalipwa na nani. Ndugu yangu, bei ya daftari na kalamu haifikii bei ya bia ambayo rais wa ekipe huwanunulia watu jioni moja ya ushindi.

Karatasi hiyohiyo ingemaliza na ugomvi wa forfe, yaani ushindi wa mezani. Ekipe imefika na wachezaji sita, sheria inataka wasiopungua saba, mwamuzi amekataa kuanzisha mchezo, na hakuna aliyeandika ni nani walikuwapo. Mwisho wa msimu pande zote mbili zinadai pointi tatu, na bingwa anapatikana ofisini, mbele ya watu watano ambao hawakuwapo uwanjani.

Nilitaka kuzungumzia pia kalenda inayotusukuma kuanza Novemba, mvua zikiingia, na nauli za waamuzi, lakini naona mwenyekiti anaitazama saa yake kwa mara ya tatu. Basi, makatibu wa ekipe mliomo humu, msitoke kabla ya kunionyesha madaftari yenu. Nitasimama pale mlangoni, pamoja na wale vijana.