Unyevu Ulio Chini ya Sakafu Zetu

Wazee wetu, akina mama, vijana, hamjambo? Asanteni kwa kutoka nyumbani na baridi hii ya Julai.

Jina la mji huu tulipewa na Wamaasai: Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899 ilikuta kinamasi, na kinamasi hicho hakijahama, tumekifunika tu. Wajenzi wa zamani waliliona hilo. Ndiyo maana nyumba nyingi za mbao na mabati za enzi ile ziliinuliwa juu ya nguzo, hewa ipite chini. Huo uvungu wa nyumba ndio ulionileta leo. Baadhi yenu mnalala juu yake na hamjawahi kuuchungulia.

Familia moja iliniita kwa sababu chumba cha watoto kilikuwa kinanuka kama gunia lililoloa. Walikuwa wamepaka rangi mara tatu. Mara tatu! Kila masika ukungu mweusi ulirudi palepale, nyuma ya kabati. Nikaomba ruhusa ning'oe ubao mmoja wa sakafu. Nilipodunga boriti kwa bisibisi, ilizama kama kwenye ndizi iliyoiva. Chini, udongo ulikuwa tope. Bomba la gata lilikuwa likimwaga maji yote ya paa kwenye pembe ileile ya msingi, na matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa kwa matofali ili panya wasiingie. Mtoto wao mdogo ana pumu. Iliniuma sana.

Ubao hauozi kwa uzee. Unaoza pale unyevu ndani yake unapopita asilimia 20 hivi na kubaki hapo, maana kuvu hupata chakula na maji pamoja. Mchwa nao hufuata unyevu huohuo. Na udongo ulioachwa wazi hutoa mvuke usiku na mchana, hata ukiugusa ukadhani ni mkavu.

Kwa hiyo anzeni nje. Gata zisafishwe kabla ya Machi na tena kabla ya Oktoba, maji ya paa yapelekwe mbali na ukuta, na ardhi iinamie upande wa nje. Kisha funikeni udongo wa uvunguni kwa karatasi nzito ya polithini. Ombeni ile ya geji 1000, ambayo unene wake ni robo milimita. Vipande vipandane kwa sentimita 30, vigandishwe kwa utepe, na kingo zipande kidogo kwenye kuta na nguzo. Hiyo kazi ya siku moja inashinda makopo yote ya rangi. Matundu ya hewa yafunguliwe na yawekwe wavu wa chuma, panya hapiti.

Hapa niwatahadharishe wenye jamaa Mombasa, wasiuige ushauri huu wa matundu kama ulivyo. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha matone ikigusa kitu chenye nyuzi 26. Pwani, tundu likiingiza hewa hiyo kwenye uvungu wenye ubaridi, limeingiza maji. Huko ni afadhali uvungu ufungwe kabisa na ukaushwe kwa mashine. Nairobi hewa yetu ni baridi na kavu zaidi, kwa hiyo matundu hutusaidia miezi mingi.

Ninyi wa Embakasi mnaokaa juu ya zege, udongo wenu mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mkiona unga mweupe chini ya ukuta, hiyo ni chumvi iliyobebwa na maji. Bandikeni kipande cha nailoni sakafuni, mzibe kingo zote kwa utepe, mkiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chini, maji yanatoka ardhini. Yakiwa juu, yanatoka kwenye hewa ya chumba: nguo mnazoanika ndani, sufuria isiyo na kifuniko, dirisha lisilofunguliwa.

Na kabla ya mtu yeyote kutambaa uvunguni, umeme uzimwe. Nimekuta nyaya zilizotafunwa zikilala kwenye tope.

Mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mchwa. Karibu, mzee, uliza.